Si Kila Kichwa ni Sinizite, Wala Si Kila Kizunguzungu ni Jini



Ndugu zetu, akina baba na akina mama, leo hatukuja na maneno ya kubembelezana. Tumekuja kugombana na desturi moja iliyozoeleka majumbani mwetu, Buyenzi na Nyamirambo, na hata kwa jamaa zetu wa upande wa Uvira. Desturi yenyewe ni hii: mtu anaumwa kichwa wiki baada ya wiki, anasikia kizunguzungu kila akiinuka, uso unakuwa mzito na pua imeziba, na ugonjwa wake unapewa jina kabla haujapimwa.

Anayetoa jina si daktari. Ni jirani: "Hiyo ni sinizite, hata shemeji yangu anayo." Ni muuzaji wa farumasi: "Malaria hiyo mama, chukua dozi." Ni mume: "Umechoka tu, lala." Ni yule aliyejifunza kusoma ruqya: "Kuna kitu kimekukalia." Kila jina linampa mgonjwa kitu cha kufanya jioni hiyo, na hakuna hata moja linalomfikisha kwenye kipimo.

Sisi tunasema wazi: JINA BILA KIPIMO SI TIBA. Maumivu ya kichwa na kizunguzungu vinavyorudi rudi vina sababu nyingi. Nyingine ni ndogo na zinatibika kwa dakika chache, nyingine zinaua, na kwa mgonjwa mwenyewe zinaweza kufanana. Kinachozitofautisha ni maswali mazuri, kifaa cha presha, tone la damu, na mtu aliyefundishwa kuangalia. Vitu hivyo havipatikani barazani.

Hii "sinizite" tunayoisema

Tuanze na jina linalopendwa kuliko yote. Ndani ya mifupa ya uso kuna vijumba vya hewa: kwenye mashavu, kwenye paji la uso, katikati ya macho, na nyuma zaidi ndani ya kichwa. Mafua yakija, utando wa vijumba hivyo unavimba, makamasi yanakosa njia ya kutoka, na mtu anahisi mgandamizo. Hiyo ndiyo sinizite, na ipo kweli.

Lakini ina alama zake. Pua imeziba au inatoa makamasi mazito, harufu imepotea, mashavu au paji la uso linauma, na mara nyingi yote hayo yamefuata mafua. Nyingi husababishwa na virusi na hupungua zenyewe ndani ya siku kama 10. Tunaanza kuwaza bakteria pale siku 10 zinapopita bila nafuu yoyote, au mtu alipokuwa amepata nafuu kisha akarudi chini vibaya zaidi, au pale homa kali na makamasi ya usaha na maumivu ya uso vinapokaa pamoja siku 3 au 4. Ikiendelea wiki 12 na kuzidi, hiyo imekuwa sugu na inamhitaji daktari wa pua na masikio.

Sasa tuulize: yule dada mwenye "sinizite" ya miaka sita, anayeumwa upande mmoja wa kichwa, anayekimbia mwanga na kelele, anayesikia kichefuchefu, na ambaye kichwa humjia karibu na siku zake za mwezi, ana sinizite gani hiyo isiyokuwa na makamasi? Mwaka 2004 ulichapishwa utafiti wa Marekani uliowachunguza watu 2,991 waliojiamini au walioambiwa kuwa kichwa chao ni cha sinizite. Asilimia 88 kati yao walionekana kuwa na dalili za kipandauso! Si sinizite. Kipandauso, ugonjwa ambao mabibi zetu walikuwa na jina lake kabla hatujaletewa majina ya kigeni. Na kipandauso nacho huweza kuleta mgandamizo wa uso, macho kutoa machozi na pua kuziba, ndiyo maana kinawadanganya wengi.

Kuna jambo Muislamu analiona mara tano kwa siku. Akiinama kusujudu, kichwa kinagonga. Wengi wanalitumia hilo kama ushahidi: "Nikisujudu uso unauma, basi ni sinizite." Si lazima. Sinizite huuma zaidi mtu akiinama, ni kweli. Na kipandauso pia huzidi kwa kuinama na kwa kutembea. Sijida peke yake haiwezi kutoa hukumu baina ya hayo mawili.

Matokeo ya jina lisilo sahihi ni nini? Ni amoksilini mwezi huu, amoksilini mwezi ujao, vidonge vinne vinne kutoka kwenye kopo la farumasi. Dawa ya bakteria haitibu kipandauso na haitibu virusi. Inachofanya ni kuharibu tumbo na kuwazoesha vijidudu wasiisikie dawa siku itakayohitajika kweli, siku mtoto wako atakapopata nimonia. Huo ni uharibifu wa mali na wa afya kwa pamoja.

Na anayesafisha pua kwa maji ya chumvi, jambo ambalo linasaidia kweli, basi atumie maji yaliyochemka vizuri yakapoa. Mwaka 2011 katika jimbo la Louisiana, Marekani, watu wawili walifariki baada ya kusukuma maji ya bomba ndani ya pua kwa chombo cha kusafishia. Ndani ya maji yale kulikuwa na kijidudu kinachopanda hadi kwenye ubongo. Ni jambo adimu sana, lakini kuchemsha maji ni kazi ndogo.

Vidonge vya kila siku vinaleta kichwa cha kila siku

Hili huwa wengi hawaliamini wanapolisikia mara ya kwanza. Dawa ya maumivu ikimezwa mara nyingi mno, yenyewe inakuwa sababu ya kichwa kuuma. Madaktari wanalijua na wameliwekea mpaka: anayemeza parasetamoli, aspirini au ibuprofeni siku 15 au zaidi kwa mwezi, kwa muda unaozidi miezi mitatu, yumo hatarini. Kwa vidonge vya mchanganyiko, vile vyenye kafeini au kodeini ndani yake, mpaka ni siku 10 tu.

Hebu hesabuni majumbani mwenu. Mama anameza viwili asubuhi kabla ya kwenda soko la Ruvumera, viwili usiku, kila siku, mwaka mzima. Asubuhi akiamka kichwa kinagonga kwa sababu dawa ya jana imekwisha mwilini. Anameza tena. Anasema, "Bila hivi siwezi kuishi." Ndugu zetu, mtu huyu hajapata dawa, amepata mnyororo! Na wala haufai kukatwa ovyo; kuna dawa ambazo daktari lazima aongoze namna ya kuziacha.

Kisha kuna madhara mengine. Ibuprofeni na diklofenaki hupandisha presha, huchoma tumbo na kuumiza figo, hasa kwa wazee na wenye kisukari. Kwa hiyo mtu mwenye presha asiyoijua anameza dawa ya kichwa inayompandishia presha. Parasetamoli nayo ikizidi huua ini: mtu mzima mwenye afya asivuke vidonge 8 vya miligramu 500 kwa saa 24. Na ile dawa ya kupuliza puani inayozibua haraka, ikitumika zaidi ya siku chache, pua huziba zaidi inapoachwa, na mtu anabaki mateka wa chupa.

Kizunguzungu nacho kina lugha yake

Tunasema "kizunguzungu" kwa mambo matatu tofauti. Kuna dunia kuzunguka. Kuna macho kuingia giza kana kwamba utaanguka. Na kuna kuyumba, miguu isiyoshika ardhi. Ukifika kwa daktari, usiseme tu "nasikia kizunguzungu." Mwambie ni kipi kati ya hivyo, kinadumu sekunde, dakika au saa ngapi, na ulikuwa unafanya nini kilipoanza.

Kwa nini? Kwa sababu yule ambaye nyumba inamzunguka kwa sekunde chache kila akijigeuza kitandani, akitazama juu, au akiinama, pengine ana chembe ndogo za chokaa zilizohama mahali pake ndani ya sikio. Hakuna kidonge kinachozirudisha. Kinachozirudisha ni daktari kumlaza na kumgeuza kichwa kwa utaratibu maalumu, ambao daktari wa Marekani John Epley aliueneza miaka ya 1980 na 1990. Ni kazi ya dakika chache! Wangapi wamefanyiwa hijama, wakafukizwa ubani, wakakatazwa kutoka nje jioni, kwa chembe zilizokuwa zinahitaji kugeuzwa kichwa tu?

Yule ambaye macho yanaingia giza akiinuka kutoka kwenye sijida, huenda presha yake inashuka anaposimama. Sababu inaweza kuwa maji kidogo mwilini, au dawa ya presha iliyozidi, au damu pungufu. Damu pungufu ni balaa la wanawake wetu. Shirika la Afya Duniani linahesabu mwanamke asiye na mimba kuwa na upungufu wa damu hemoglobini ikiwa chini ya 12, na mjamzito ikiwa chini ya 11 katika miezi mitatu ya kwanza na mitatu ya mwisho ya mimba. Hedhi nzito, uzazi wa karibu karibu, minyoo na malaria vyote vinainywa damu ile. Naye anakula wa mwisho, baada ya baba na watoto kushiba, kisha anateremshia chakula kwa chai ya rangi, ambayo inazuia madini ya chuma yasiingie mwilini. Halafu tunamwita mvivu!

Tusisahau jiko la mkaa. Nyakati za mvua na baridi tunaliingiza ndani na kufunga madirisha. Moshi mzito unaonekana, lakini ile hewa ya sumu inayotoka kwenye mkaa haionekani na haina harufu. Inaleta kichwa, kizunguzungu, kichefuchefu na usingizi, kisha kifo. Alama yake kubwa: watu wa nyumba moja wote wanaumwa kichwa pamoja, na wakitoka nje wanapata nafuu. Nyumba ya namna hiyo haina jini. Ina jiko. Litoeni nje, na aliyelegea apelekwe hospitali mara moja.

Presha haina sauti

Wapo wanaosema, "Mimi presha ningeijua, kichwa kingeniuma." Hapana. Presha ya kupanda mara nyingi haina dalili yoyote. Mtu anatembea nayo miaka 10, anacheka, anafanya biashara, mpaka siku ile mdomo unapopinda. Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani lilieleza kuwa watu wapatao bilioni 1.28 wenye umri wa miaka 30 hadi 79 walikuwa na presha, na asilimia 46 kati yao hawakujua kuwa wanayo. Theluthi mbili ya wote hao walikuwa katika nchi za kipato cha chini na cha kati, yaani nchi kama zetu.

Basi kichwa kinachouma kinaweza kuwa nafasi nzuri ya kupima, hata kama presha siyo iliyokileta. Namba za kukumbuka ni 140 juu ya 90. Ukipimwa siku tofauti na ukafika hapo au kupita, una presha na unahitaji kuangaliwa. Ukifika 180 juu ya 120, na una kichwa kikali, kifua kinauma, pumzi inakatika au macho hayaoni vizuri, usingoje kesho.

Na kupima kuna adabu zake. Kaa umetulia dakika 5, mgongo umeegemea, miguu chini bila kukunja nne, mkono usawa wa moyo, na usiwe umetoka kunywa kahawa. Anayepimwa akiwa amesimama mlangoni, anahema kutoka barabarani, anaandikiwa namba isiyo yake.

Jini aliyekuwa kifafa cha mimba

Sasa tunafika mahali panapotuuma zaidi. Mwanamke mjamzito, mimba imevuka miezi mitano. Anaumwa kichwa kisichosikia panadoli. Macho yanaona vimulimuli. Uso na mikono imevimba. Anauma chini ya kifua upande wa kulia. Usiku anaanguka na kukakamaa, povu mdomoni, macho yamegeuka. Nyumba nzima inapiga kelele, na mtu wa kwanza kuitwa ni msomaji wa ruqya.

Ndugu zetu, hicho ni KIFAFA CHA MIMBA. Kinatokana na presha ya mimba, na kilitangulia kutoa taarifa kwa kichwa kile na macho yale. Kinaua mama na mtoto. Kinaweza kuja hata baada ya kujifungua, ndani ya wiki sita za kwanza, wakati kila mtu anadhani hatari imepita na mama yumo arobaini yake. Na dawa yake inajulikana: sindano ya magnesiamu salfeti. Utafiti mkubwa uliotolewa mwaka 2002, uliohusisha wanawake zaidi ya 10,000 katika nchi 33, ulionyesha kuwa dawa hiyo inapunguza hatari ya kifafa cha mimba kwa zaidi ya nusu. Ni dawa ya zamani isiyo ya gharama kubwa. Kinachokosekana ni mama kufika kabla ya saa kupotea kwenye moshi wa ubani.

Hatuikatai ruqya, wala hakuna Muislamu anayekataa dua. Dua inasomwa ndani ya gari likielekea hospitali, na inasomwa kando ya kitanda. Tunachokipinga ni kumfanya mgonjwa achague kimoja. Tunachokipinga ni yule anayesema, "Acha dawa za hospitali siku saba, zinaharibu matibabu yangu." Mtu akiacha ghafla dawa za presha anaweza kupata kiharusi ndani ya siku hizo saba, na akipata, tutaambiwa jini alikuwa mkali. Kwa hiyo tunatoa sharti kwa kila msomaji wa ruqya anayemcha Mungu: kabla hujafungua kinywa, uliza maswali matatu. Umepimwa presha? Una mimba au umejifungua karibuni? Unatumia dawa gani? Asiyeuliza maswali hayo anacheza na roho za watu.

Subira si kuzembea

Kuna neno jema linalotumiwa vibaya majumbani: subira. Mke anaambiwa asubiri. Anaambiwa mama yake alivumilia makubwa zaidi. Subira katika dini yetu ni moyo kutolalamika dhidi ya majaliwa ya Mungu. Haikuwa kamwe kuacha tiba iliyo karibu. Mtume (S.A.W.) aliwaamrisha wafuasi wake wajitibu, na yule mtu wa ngamia alifundishwa amfunge kwanza, kisha amtegemee Mwenyezi Mungu. Mume anayemwambia mkewe asubiri, kisha yeye mwenyewe jino likimuuma anakodi teksi, huyo hana subira ya kumfundisha mtu.

Mtatujibu: "Pesa hakuna." Tunalijua hilo, sisi pia tunaishi humu. Lakini hesabuni vidonge vya mwaka mzima, dozi za malaria ambayo haikupimwa, chupa za mafuta na majani. Fedha zinatoka, ila zinatoka kidogo kidogo mahali pasipo na majibu. Kupima presha ni jambo jepesi kuliko yote hayo. Nchini Burundi, mwaka 2006 serikali iliondoa malipo ya kujifungua na ya watoto walio chini ya miaka mitano katika vituo vya umma. Nchini Rwanda kuna bima ya mituweli. Ipo nyumba ambayo mchango wa harusi unalipwa kwa wakati na wa bima unasahauliwa!

Mtatujibu tena: "Tulikwenda, tukachomwa sindano na kutundikiwa dripu, hata presha hatukupimwa." Hili nalo ni kweli, na ni aibu kwa wanaofanya hivyo. Vipo vituo ambavyo kila kichwa kwao ni malaria na taifodi. Dawa yake si kubaki nyumbani. Dawa yake ni kwenda ukiwa na maneno yako: "Naomba nipimwe presha na niambiwe namba. Kabla ya dawa ya malaria, naomba kipimo cha malaria." Na nenda na daftari. Andika kwa mwezi mmoja: siku, saa, kichwa kiliuma upande gani, kilidumu muda gani, kulikuwa na homa au makamasi, ulikula nini, ulilala saa ngapi, siku za hedhi, na vidonge vingapi umemeza. Daftari hilo la kurasa chache linamsaidia daktari kuliko picha nyingi za gharama.

Lini uende, na uende mbio

Kateni sehemu hii, mbandike ukutani karibu na jiko.

Nendeni hospitali SASA HIVI, hata kama ni usiku wa manane, ikiwa:

1. Kichwa kimekuja ghafla kama umepigwa rungu, na kimefika kilele ndani ya dakika moja.
2. Mdomo umepinda, mkono au mguu umelegea, maneno hayatoki sawa, au kizunguzungu kimekuja pamoja na kuona vitu viwili viwili au kushindwa kutembea. Hicho ni kiharusi mpaka daktari aseme vinginevyo. Si upepo.
3. Kichwa kimekuja na homa na shingo ngumu, au mtu amechanganyikiwa, au amepata degedege.
4. Ni mjamzito, au amejifungua ndani ya wiki sita, na ana kichwa kikali, macho hayaoni vizuri, au uso umevimba.
5. Kichwa kimefuata ajali ya pikipiki au kuanguka, hasa akitapika au akisinzia. Kwa mzee, hata wiki kadhaa baada ya kuanguka.
6. Jicho limevimba na kuwa jekundu baada ya sinizite, au haliwezi kugeuka vizuri.
7. Mtu amezimia, au kizunguzungu kimekuja na maumivu ya kifua au moyo kwenda mbio.
8. Mwenye kisukari anatetemeka, anatoka jasho na kuchanganyikiwa. Kama anaweza kumeza, mpeni sukari kwanza. Akiwa amefunga, afungue.

Nendeni kituo cha afya ndani ya wiki hii, ikiwa kichwa kinarudi kila wiki au kimebadilika tabia yake. Ikiwa mnameza dawa ya maumivu zaidi ya siku mbili kwa wiki. Ikiwa mgandamizo wa uso umevuka siku 10. Ikiwa kizunguzungu kinarudi. Ikiwa masikio yanavuma au hayasikii. Ikiwa kichwa kinamwamsha mtu usingizini au kinakuja na kutapika asubuhi. Aliyevuka miaka 50 na akapata kichwa kipya asichokizoea, asikae nacho. Kama paji linauma kwa kugusa, taya linachoka kwa kutafuna au jicho linafifia, aende siku hiyo hiyo, maana anaweza kupoteza macho.

Na wanaofunga Ramadhani wakipata kichwa cha alasiri, mara nyingi ni kahawa na chai waliyoizoea na kuikosa, au maji machache ya daku. Wapunguze kahawa kidogo kidogo tangu Shaaban. Wenye presha na kisukari wamwone daktari kabla ya mwezi kuandama, wapangiwe saa za dawa. Mgonjwa amepewa ruhusa ya kula na Aliyeifaradhisha funga, na kuikataa ruhusa hiyo hakumuongezei daraja.

Tunachodai kwa misikiti yetu

Hatutaki kumalizia kwa kulaumu majumba tu. Misikiti yetu ina vipaza sauti, ina mazulia mapya, ina feni. Ni mingapi yenye kifaa cha presha? Tunadai hili, na tutalidai tena:

Kila kamati ya msikiti inunue kifaa cha presha cha mkononi, chenye mkanda mdogo na mkubwa. Wauguzi wamo kwenye safu zetu, waombwe saa moja baada ya Ijumaa. Upande wa wanawake uwe na kifaa chao na mpimaji wao wa kike, kwa sababu ndio wanaoachwa nyuma. Kila anayepimwa aandikiwe namba yake kwenye karatasi aondoke nayo. Aliyezidi kiwango apelekwe, asiishie kupewa pole. Na imamu, mara moja kila miezi mitatu, aseme mimbarini kuwa kumpeleka mke hospitali ni sehemu ya matumizi yaliyo wajibu juu ya mume kwa wema, kama chakula na mavazi. Kama wanachuoni wa zamani walijadiliana juu ya gharama ya tabibu, zama hizi ambapo presha ya mimba inaua ndani ya usiku mmoja hazina nafasi ya mjadala huo katika nyumba ya mtu mwenye uwezo.

Ndugu zetu, leo jioni, baada ya Magharibi, kila mmoja amuulize aliye naye nyumbani: kichwa chako kinauma mara ngapi kwa wiki? Msikilizeni mpaka amalize. Kisha msimpe jina la ugonjwa. Mpelekeni akapimwe.

Mwenyezi Mungu awaponye wagonjwa wetu na atupe akili ya kuzitumia sababu alizotuwekea. Amin.

Wabillahi tawfiq.